Malkia Asiyegeuza Shingo

Nianze na Fundi Friji, maana yeye ndiye aliyekuwa na haraka kuliko sisi sote. Alikuwa akija saluni kwetu kutengeneza mashine ya kukaushia nywele. Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Ataifungua, ataipuliza vumbi, ataifunga, kisha ataniuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya mgonjwa, "Kitabu kimefika wapi?"

"Kinakwenda."

"Kinakwenda wapi?"

Hilo sikulijua, na swali la mtu asiyejua kuandika hata barua ya kuomba likizo lilinichefua. Nilimwambia mambo ya utunzi hayafunguliwi kwa bisibisi. Akaitikia kwa kichwa, akakusanya vifaa vyake, akamuaga dada kwa adabu, akatoka. Baada ya siku mbili tatu mashine ikawa mbovu tena.

Sababu ya fundi kukipenda kitabu ambacho hajasoma hata ukurasa ni dada yangu. Fundi alikuwa amemposa. Alikuwa amepata kazi ya kutunza majokofu ya kiwanda cha maziwa, mji wa mbali, pamoja na nyumba ya kukaa, na mwisho wa mwezi ilikuwa lazima aripoti. Dada alimjibu palepale, kitana mkononi, bila kuacha kusuka: "Mdogo wangu akimaliza kitabu chake nitakupa jibu. Siwezi kumwachia saluni na kitabu kwa pamoja." Kwa hiyo mtaa mzima ukajua. Kitabu kikiisha, dada anaondoka. Kisipoisha, fundi atakwenda kupoza maziwa peke yake.

Kuna watu walisema nachelewesha makusudi. Midomo haina kazi. Ni kweli dada ndiye aliyenilea, na ni kweli mama alipofariki dada alikalia kile kigoda kirefu cha mama nyuma ya kiti cha mteja na tangu hapo hakukiondokea. Alinisomesha akiwa juu yake, alimwoza kaka akiwa juu yake, na matanga ya baba aliyapanga akiwa juu yake huku akimsuka mtu. Lakini hayo hayana uhusiano wowote na kuchelewa kwangu. Mimi tatizo langu lilikuwa wateja.

Nielezeni ningefanya nini. Mteja wa kusukwa anakaa tangu asubuhi mpaka mgongo umfe ganzi. Simu imeisha chaji, soga za majirani zimeisha utamu. Basi mimi namsimulia. Nina hadithi ya malkia aliyeketi juu ya jabali, juu ya mawingu, na nywele zake zimeteremka chini, na mwishoni mwa nywele hizo umening'inia mji mzima, pamoja na soko lake, mahakama yake na mabanda yake ya kuku. Malkia hawezi kugeuza shingo. Akiigeuza, mji unayumba. Akipiga chafya, mahakama inaahirishwa. Miaka yote anatazama mlima mmoja tu ulio mbele yake. Chini kuna mwana wa mfalme mwenye mabawa anayeupenda mji ule, kuna waziri anayenoa mkasi kwa siri, na kuna msusi wa ikulu anayepanda kila mwaka kuzisuka nywele upya zisichoke. Huyo msusi ni hodari, mzuri wa sura na ana akili nyingi. Sijui nilimtoa wapi.

Hadithi ilikuwa tamu mno. Ila mwisho ulimtegemea mteja, na nani aliye tayari kumkera mtu aliyeinamisha kichwa mapajani mwake? Mwenye mchumba alipata harusi. Kwa aliyeachwa, mwana wa mfalme alinyonyoka mabawa akadondokea jalalani. Nesi aliniambia kazini kwake anaona vifo vya kutosha, kwa hiyo kwake hakufa hata kuku. Kila mmoja aliondoka akitabasamu na akarudi misuko ilipochakaa, akaleta na wifi yake. Ndiyo biashara.

Halafu akaja Mhariri.

Alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye kamba, anafanya kazi kwenye nyumba ya kuchapisha vitabu. Alikaa ameduwaa kama mtoto. Nilipofika pale waziri anapopanda jabali na mkasi wake, msuko wa mwisho ukawa umeisha. Nilikuwa bado sijamsoma kujua anapenda mwisho gani, na nilijikuta namwambia, "Uliobaki utausoma kitabuni."

"Kuna kitabu?"

Nikavuta droo ya vitana, nikamtolea furushi la karatasi. Akasoma ya kwanza, akasoma ya katikati, akatafuta ya mwisho hakuiona.

"Mwisho uko wapi?"

"Iko mingi," nilisema kwa kujidai.

Akavua miwani. "Mdogo wangu, msomaji hanunui miisho mingi. Hukupanga, ndiyo maana. Unasuka bila kupasua mistari. Ungemfanyia hivyo mtu kichwani?" Akanirudishia karatasi zangu. "Nikirudi kufumua hizi, nataka niukute mwisho mmoja. Mmoja tu. Nikiukuta, tunakichapa."

Alipotoka, dada alisema, "Umesikia?" halafu akaendelea kufagia nywele. Fundi Friji, ambaye kumbe alikuwa nyuma ya mashine muda wote ule, alitoa kichwa akasema, "Mafuriko. Yaje mafuriko wafe wote. Kurasa mbili tu."

Nilimtupia taulo.

Lakini maneno ya Mhariri yalinikaa rohoni, na mimi kupanga kwenye karatasi siwezi, nasinzia. Napanga kwa vidole. Pale saluni tuna kichwa cha sanamu cha kufundishia wanagenzi, cha mpira, chenye nywele ndefu za kubandika na macho ya kushangaa. Tunamwita Bi Kimya. Nilimchukua Bi Kimya nikampasua mistari, kila mhusika na mstari wake. Mwana wa mfalme nilimsuka kwa uzi wa bluu, kuanzia sikio la kulia. Waziri, mwekundu, kuanzia la kushoto, anakwenda kwa kujipinda kama tabia yake. Msusi wa ikulu nilimpa kijani. Watu wa mji niliwapa mistari midogomidogo nyuma ya shingo. Malkia nilimweka katikati ya paji la uso, msuko mnene mweusi. Wote walipanda kwenda utosini, na utosini ndipo penye mwisho. Mahali mistari miwili inapokutana, watu wawili wanakutana. Nikipotea, napapasa.

Ulikuwa mpango wa kupendeza, nasema bila haya. Bluu ulifika utosini nikaufunga. Mwekundu nikaufunga. Kijani nikaufunga. Wa malkia ulifika katikati ya kichwa, nikasimama. Kila nilipotaka kuusogeza mbele, nilikumbuka kuna vikombe vya kuosha. Nilikumbuka kuna vitana vya kupanga. Siku moja niliosha hata ile mashine ya Fundi Friji. Mstari ukabaki umekatikia njiani, nywele zimemwagika wazi.

"Huyu vipi?" dada aliniuliza siku moja, akiugusa kwa ncha ya kitana.

"Sijaamua."

"Anangoja nini?"

"Dada, mambo ya utunzi..."

"Haya," alisema. Dada hajawahi kusikiliza hadithi zangu mpaka mwisho. Husema masikio yake yako kwenye vidole.

Jumamosi ile ilikuwa ya arusi. Bibi harusi alikuwa binti mmoja wa mtaani kwetu, muuza duka la viatu, na aliletwa na shangazi yake, askari polisi, tunayemwita Afande hata akivaa gauni. Wote wawili walikuwa wateja wangu wa siku nyingi. Na Mhariri naye alikuwa amepiga simu: anakuja siku hiyohiyo kufumua. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Rasta, zile nywele za kuongezea, zikatuishia asubuhi ileile, nikatoka kuzifuata duka la jumla. Foleni ya pale mnaijua. Wauzaji wawili, mmoja anakula.

Niliporudi, jambo la kwanza nililoliona ni Bi Kimya. Alikuwa juu ya meza, kipara kitupu, macho yamemtoka.

Nilipiga ukelele uliomfanya Afande ashike kiuno alipozoea kukuta rungu.

"Dada! Nani amemfumua Bi Kimya?"

"Mimi," alisema dada, hakuinua hata macho. "Rasta zilipungua kidogo, na wewe hukutokea. Tena za kwake nzuri, hazijatumika."

"Ule ulikuwa mpango wangu! Ile ilikuwa hadithi yangu yote! Umefumua kitabu!"

"Nilidhani ni nywele," alisema dada.

Nilikaa chini juu ya mifuko ya rasta. Nilitaka kulia, nikataka kupigana, na kwa kuwa wa kupigana naye alikuwa dada, nilibaki kulia. Bibi harusi aligeuza macho tu, maana kichwa kilikuwa kimeshikwa. "Usilie," alinibembeleza. "Ule mtindo haujapotea. Niliupenda, nikaomba nisukwe huohuo. Tazama."

Nikatazama. Uzi wa bluu sikio la kulia. Mwekundu la kushoto, umejipinda vilevile. Kijani mahali pake. Kitabu changu kilikuwa kinakwenda kuolewa.

Hapo ndipo Mhariri aliposukuma mlango. "Vipi, mwisho upo?"

"Uko kichwani," nilisema.

"Kichwani kila mtu anao, mama. Nauliza umeupanga?"

"Uko kichwani mwa huyu," nikamwonyesha bibi harusi.

Ikabidi nimweleze. Mhariri alivaa miwani, akavuta stuli, akajisogeza nyuma ya shingo ya bibi harusi kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Nikaanza kumwonyesha kwa kidole. Huyu wa bluu ni mwana wa mfalme, hapa anaokoa mji, hapa anamkuta msusi...

"Anamwoa," alidakia bibi harusi. "Ulinisimulia. Arusi inafanyika sokoni."

"Arusi?" Afande aliweka chini kikombe. "Arusi ya nani? Yule si alikamatwa? Mwandishi aliniambia alikuwa anashirikiana na waziri. Wote wawili wamelala ndani, dhamana imekataliwa."

"Shangazi! Mwana wa mfalme?"

"Mwenye mabawa ni wa kwanza kushukiwa. Alikuwa anaruka kwenda wapi?"

"Nimemwandika mume wangu mtarajiwa kwa jina lake kwenye simu!" Bibi harusi alitaka kuinuka, dada akamrudisha chini kwa msuko mmoja. "Mwandishi, sema. Alioa ama alifungwa?"

Wote walinitazama. Nilijaribu kumpaka kila mmoja mafuta. Nilisema labda alioa kwanza, halafu ndiyo akafungwa. Bibi harusi alianza kulia na wanja wake wote. Nikasema basi alifungwa kwanza, kwa makosa, akaachiwa akaoa. Afande akaniuliza nani aliyefanya hayo makosa, na kwa nini kila siku polisi. Kama bibi harusi angekuwa amemaliza kusukwa wangeondoka kwa hasira, lakini nusu kichwa haitoki nje. Walibaki, wakagombana vizuri.

Mhariri hakuwasikiliza. Kidole chake kilikuwa juu ya msuko mnene mweusi.

"Huyu ndiye malkia?"

"Ndiye."

"Mbona huyu hakupanda utosini na wenzake?"

Niliinama. Mstari wa malkia ulitoka katikati ya paji la uso kama nilivyoupanga, ukafika pale nilipokuwa nimeuachia. Lakini haukuishia pale. Ulikuwa umepinda. Ulipita kati ya bluu na kijani bila kuwagusa, ukateremka upande, ukapita nyuma ya sikio, ukatoka kabisa kichwani, ukalala begani kwa bibi harusi, mrefu, mwisho wake umefungwa kwa ushanga mmoja.

"Dada," nilisema. "Huu nani amekuambia uutoe huku?"

"Hukuniambia kitu. Ulikuwa umeuacha njiani, na mtu haendi arusini na mstari ulioishia njiani." Vidole vyake havikuacha kazi. "Nilijaribu kuupeleka juu na mingine, ukakataa kukaa. Nikauona unataka kutoka. Nikautoa."

"Hawezi kutoka! Ndiye anayeshika mji! Akigeuka tu, mji unaanguka!"

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema! Mimi ndiye mwandishi!"

"Haya." Alisuka kidogo. Halafu akasema, polepole, kama anayeulizia bei ya kitu alichokwisha kukitamani siku nyingi, "Hao watu wa mji wote, hawana mikono?"

Afande na bibi harusi waliacha kugombana.

"Tazama mwenyewe," dada aliendelea. "Huu wa malkia nimeutoa pembeni. Bluu umefumuka? Haujafumuka. Hiyo midogo ya nyuma je? Kila mmoja umejishika wenyewe. Nimesuka miaka yote hii, sijaona kichwa kilichofumuka chote kwa sababu ya mstari mmoja."

Nilimtazama dada pale juu ya kigoda cha mama, mgongo umenyooka, uso umeelekea mbele, kwenye kioo, na ndani ya kioo, nyuma yake, hakuna kinachoonekana ila ukuta wetu wenye picha za mitindo ya zamani. Ndipo niliposhikwa na woga, woga wa kitoto kabisa, ule wa kuamka na kukuta mkubwa wako hayupo. Kwa kila mteja niliyemsimulia, awe ameolewa au ameachwa, malkia alimalizia palepale juu ya jabali. Kwa bibi harusi alipiga makofi ameketi. Kwa Afande alitia sahihi hati ya kukamata ameketi. Nilibadilisha kila kitu kwenye hadithi ile isipokuwa hicho, na nikawasingizia wateja.

"Dada, unataka kwenda?" nilimuuliza. Sikuwahi kumuuliza.

"Nataka," alisema. Akaona haya, akamvuta bibi harusi nywele kwa nguvu mpaka binti akasema aa.

Niliketi kwenye kaunta, kati ya chupa za mafuta na Bi Kimya mwenye kipara, nikaanza kuandika nyuma ya karatasi za matangazo ya sabuni. Dada alimmaliza bibi harusi, akaanza kumfumua Mhariri. Mhariri hakuniharakisha hata mara moja. Afande alijaribu kuniambia kitu kuhusu waziri, akaambiwa na mpwa wake, "Shangazi, mwache!" Niliandika nikafuta, nikaandika. Mwana wa mfalme nilimwacha na mabawa yake, bila arusi, bila pingu. Sikuwa na nafasi naye. Waziri alipofika kileleni na mkasi wake, hakukuta mtu wa kumkata, akajikata kucha.

Nilipomaliza niliwasomea. Niliwasomea jinsi msusi wa ikulu alivyopanda jabali, na mara hii hakusuka. Alizifumua nywele za malkia taratibu akazifunga kwenye jabali lenyewe, akateremka kuwaambia watu washike. Na jinsi malkia alivyogeuza shingo kwa mara ya kwanza, ikalia kama mlango wa zamani. Mji uliyumba. Vyungu vilianguka rafuni kote mjini. Jaji mkuu aliangukia banda la kuku. Watu walishika kamba, walishika miti, walishikana wenyewe kwa wenyewe, na walimtukana malkia matusi ambayo hayachapiki. Malkia aliyasikia. Aliwapa pole, akauona upande wa pili wa dunia, ambako hakukuwa na mlima wowote, akateremka upande huo.

Mhariri, nywele zimemsimama pande zote, alivua miwani akaifuta.

"Hakuna aliyeoa," alisema bibi harusi kwa masikitiko, lakini alikuwa akiuchezea ule msuko wa begani.

"Na waziri nitamtafuta mwenyewe," alisema Afande.

Dada ndiye aliyebaki. Vidole vyake vilikuwa vimesimama, jambo ambalo sijaliona tangu niwe na akili. "Kwa hiyo mji haukuanguka?"

"Uliyumba."

"Sana?"

"Sana, dada. Vyombo vilivunjika vyote." Nikazikunja karatasi. "Wewe nenda tu."

Nililia pale mbele ya mchapishaji wangu kilio kibaya, cha makamasi, na dada alishuka kwenye kigoda akanishika kichwa kifuani kwake kwa mikono inayonuka mafuta ya nywele. Alilia na yeye. Bibi harusi akafuatia kwa kuwa wanja ulikwisha kuharibika. Katikati ya hayo mlango ulifunguliwa, akaingia Fundi Friji na mkoba wake wa vifaa. Alitutazama mmoja mmoja. Alimtazama Bi Kimya. Nadhani alifikiri kuna msiba.

"Nimekuja kuangalia mashine," alinong'ona. "Kitabu... kimefika wapi?"

"Kimeisha," nilisema.

Mkoba ukamponyoka. Bisibisi zilitawanyika sakafuni hadi chini ya viti, na mwanaume mzima alipiga magoti kuziokota, akaziangusha, akaziokota tena, mpaka dada akaenda kumsaidia.

Waliondoka mwisho wa mwezi, kwenye lori la kiwanda, dada mbele karibu na dirisha, shingo yote nje akitazama huku na kule. Kesho yake nilipanda kile kigoda. Nilikikuta kirefu kuliko nilivyodhani. Kitana chenye mkia sikukiona, nilimpiga mteja mstari uliopinda, nikachoma taulo, na mchana ile mashine ya kukaushia nywele iliharibika kweli. Nilitafuta bisibisi, nikapata moja chini ya kiti.